Kahawa Isiyokuwamo

Nilipoonja bia nyeusi kwa mara ya kwanza, jijini London, nilimuuliza mhudumu wameitia kahawa ya wapi. Akacheka. Hamna hata punje.

Nikaenda maktaba. Bia ile huitwa porter, yaani hamali, kwa kuwa mahamali wa London waliipenda katika karne ya 18. Mwaka 1816 sheria ya Uingereza iliwakataza watengenezaji kuitia rangi kwa sukari iliyounguzwa. Mwaka uliofuata Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea cha shayiri ndani ya pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, mfano wa lile la kukaangia kahawa. Kimea kikatoka cheusi, na ladha ikafuata chombo.

Babu yangu alilima kahawa Kilimanjaro. Wachagga walikuwa wameunda chama chao mwaka 1925 kuitetea kahawa yao mbele ya walowezi. Kwa babu, kahawa ilikuwa karo na mabati. Magunia yalishuka Moshi, yakaenda ng'ambo. Jioni yeye alikunywa mbege ya ndizi na ulezi. Sikuwahi kumwona na kikombe cha kahawa.

Nikarudi baa ile, nikaagiza bia iliyotiwa kahawa kweli. Uchungu ulitangulia, utamu ukafuata, moshi ukabaki kooni. Lebo ilitaja Tanzania, haikutaja mkulima. Nilikunywa polepole, nikionja alichokiuza babu miaka yote.