Tiba ya Madoa Meupe kwa Samaki wa Mapambo Bila Kudhuru Kamba na Konokono

Ugonjwa wa madoa meupe husababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, kinachoshambulia ngozi na mashavu ya samaki wa maji baridi. Mfugaji anapomimina dawa mara aonapo madoa hayo, huweza kuangamiza viumbe wengine tangini. Baadhi ya dawa zina shaba, ukiwemo mrututu, nayo huua kamba na konokono hata kwa kiasi kidogo. Kambale wasio na magamba nao hudhurika kwa urahisi.

Kimelea kilichomo ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa. Kikikomaa huanguka chini ya tangi, hujigawa na kutoa mamia ya vimelea vichanga. Hivyo ndivyo vinavyouawa na dawa, navyo hufa vyenyewe visipompata samaki kwa siku mbili hivi. Kwa sababu hiyo, tiba haipaswi kukatizwa madoa yanapotoweka.

Njia salama ni kuwahamishia samaki wote, hata wasio na madoa, katika tangi jingine lenye hewa ya kutosha na kuwatibu humo. Kamba na konokono wabaki. Tangi lao likikaa bila samaki kwa wiki nne katika nyuzijoto 25, vimelea hutoweka.

Mkaa uondolewe katika chujio wakati wa tiba, kwani hunyonya dawa. Kambale wapewe kipimo kilichoelekezwa kwa samaki wasio na magamba. Maji yenye shaba yasirudishwe katika tangi la awali, wala yasimwagwe mtoni au ziwani.