Namba Shingoni mwa Mfuko

Zamani kasiteriti, madini ya bati, ya Bisie, Walikale, ilitoka msituni mabegani mwa wapagazi hadi Njingala. Kisha ilifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuipeleka Goma. Shimo ilikotoka halikuandikwa popote.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila wa Kongo alifunga uchimbaji wa Kivu zote mbili na Maniema, akaufungua Machi 2011. Mawe hayakulala miezi ile. Yalisafiri usiku.

Huku kwetu Masisi, baada ya katazo hilo, kufuli la pili lilifika kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya mwaka 2014: etiketi. Ni utepe wa plastiki wenye namba na mistari myeusi. Ukishakazwa shingoni mwa mfuko, haufunguki mpaka ukatwe. Karani aliandika daftarini namba, uzito na shimo, kisha namba hizo ziliingizwa kwenye kompyuta mbali na kilima. Kompyuta husoma namba, jiwe hailioni. Basi mfuko wa shimo lililokatazwa ulivishwa etiketi ya shimo lililoruhusiwa, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti etiketi zikiuzwa kwa magendo. Mchimbaji mimi simlaumu: nyumbani watoto wanangoja unga, na yeye ndiye wa mwisho kuulizwa kanuni zinapotungwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu haohao wakaeleza jinsi koltani yake ilivyovushwa hadi Rwanda, ikachanganywa na ya kule.