Scrabble: namna ya kupata neno refu katika herufi saba

Mwenye kucheza Scrabble ya Kifaransa anajua uchungu huu: unaweka neno la herufi ine, kisha mwenzako anakuonyesha kwamba zote saba zilikuwa zinaingia. Umepoteza alama 50, juu ndiyo zawadi ya kumaliza herufi saba kwa mara moja, bila kuhesabu alama za neno lenyewe.

Wazoefu hawatafuti neno zima. Wanatafuta kwanza mwisho wake: -ER, -EZ, -AIT, -ANT, -EUR, -AGE. Wanaweka hizo kando, wanageuza-geuza zile zinazobakia. Aksa hazihesabiwi, É na E ni moja. Ona A, E, I, N, R, S, T: zinatoa ENTRAIS, TRAINES, SERIANT, hata TSARINE. Matatu kati ya hayo ni vitenzi tu, vile mwalimu alivyofundisha mu kulasi. S isitupwe ovyo. Ziko 6 tu katika vipande 102, wakati E ziko 15.

Maana ya neno haiulizwi. Mu 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Kifaransa kule Ubelgiji bila kujua kuongea Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno.

Kinacholeta kelele mara nyingi ni kujua neno gani ni halali. Kitabu kinachokata maneno ni L'Officiel du Scrabble. Majina ya miji na ya watu hayaingii, kwa hiyo Bukavu hapana. Lakini OKAPI, nyama wetu wa pori la Ituri, inakubaliwa: alama 16. Mupatane juu ya kitabu mbele ya kuanza, zaidi kama kuna pesa ao kinywaji. Na muangalie programu ya simu isiwe ya Kiingereza, maneno si yale yale.

Je, Kiswahili? Na kisanduku hiki ni shida. K iko moja tu, W moja, Y moja, kila moja alama 10. KUKU haiwezekani bila jokeri. WANAWAKE inaomba W mbili. Wanaotaka wanaweza kukata vipande vya karton, kuongeza K, W na Y, na kushusha alama zake.