Kutoka Makopo hadi Makopa

Ndugu zetu, wapo wanaotucheka kwamba makopa ni chakula cha njaa, hayastahili sherehe. Spam nayo ilidharauliwa. Nyama hiyo ya nguruwe ya kopo (wasioila watuwie radhi) ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwafuata askari hadi Hawaii. Wavuvi wenye asili ya Kijapani waliwekewa vizuizi vya kwenda baharini, samaki wakaadimika, kopo likaingia jikoni. Mpaka leo huliwa juu ya tonge la wali lililofungwa kwa mwani mkavu. Waikiki hufunga barabara ya Kalakaua kuisherehekea, na sehemu ya mapato husaidia ghala la chakula cha wahitaji. Mapato ya sherehe yetu ya makopa yatanunua mabati ya ghala la kijiji.