Amechelewa au Amecheleweshwa? Historia Fupi ya Lugha ya Saratani

Neno saratani tumelipata katika Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani aendaye upande. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, Warumi wakafuata, na kutoka kwa Warumi Waingereza walilipata neno ambalo sisi huliandika kansa. Kwa hiyo wanaobishana kama tuseme saratani au kansa wanabishana juu ya mnyama mmoja, wala hatuna nia ya kuuchochea ubishi huo. Makala haya yanahusu jambo zito zaidi, nalo ni kwamba ugonjwa huu hauwaui watu wote kwa kipimo kimoja, na kwamba maneno tunayoyatumia husaidia kuificha sababu yake.

Yafaa tuanze na majengo. Katika miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilijenga hospitali ufukoni mwa Dar es Salaam, mahali paitwapo Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Waingereza walipoitwaa nchi, mgawanyo huo waliuendeleza. Mwaka 1956 ndipo hospitali mpya ilipopewa jina la Princess Margaret, na baada ya uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili. Ile ya Wazungu, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ikawa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya rangi moja sasa inawapokea wagonjwa wa nchi nzima, na hilo si jambo dogo.

Lakini nyumba hiyo iko ukingoni kabisa mwa nchi, upande wa mashariki. Kwa miaka mingi ndiyo peke yake iliyotoa tiba ya mionzi Tanzania, hadi Bugando ya Mwanza ilipoanza huduma hiyo katika muongo wa 2010. Mwanamke wa Kigoma au wa Sumbawanga aliyeandikiwa mionzi alipaswa kupata nauli, mahali pa kulala kwa majuma kadhaa, na mtu wa kumwangalia watoto nyumbani. Hata tiba yenyewe inapotolewa bure, mambo hayo hayatolewi bure.

Kati ya saratani zote zinazowapata wanawake wa Tanzania, inayoongoza ni ile ya shingo ya kizazi. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, waliougua mwaka huo walizidi 10,000, na waliofariki walizidi 6,000. Katika dunia nzima vifo vya ugonjwa huu mwaka huo vilikuwa kama 342,000, na karibu 90 kwa mia vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Idadi hizo zinasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba saratani hii huchukua miaka mingi kukomaa, na ikigunduliwa kabla haijakomaa huzuilika. Tangu George Papanicolaou na Herbert Traut walipoieleza njia yao mwaka 1941, nchi tajiri zimepunguza sana vifo hivyo. Njia hiyo huhitaji maabara na wataalamu. Ndiyo maana kwetu ikaja njia nyepesi, ya kupaka siki. Muuguzi hupaka siki hafifu, husubiri dakika moja hivi, na panapogeuka peupe huweza kupagandisha siku hiyo hiyo. Hakuna chombo cha ajabu hapo. Kazi iliyobaki ni kumshawishi mwanamke mzima, asiyeumwa popote, aje kituoni.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Tunamwambia, "Njoo upime." Neno kupima katika Kiswahili linamfaa aliyekwisha kuhisi maumivu, asiye na maumivu hujibu kwa haki kabisa, "Nipime nini, nami siumwi?" Tena, tangu UKIMWI ulipoenea, kupima kusikotajiwa kitu kumekuwa na maana moja tu masikioni mwa watu, na wengi huona haya kuonekana kwenye foleni hiyo. Bahati mbaya iliyoje, maana Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari ya saratani hii mara sita kuliko asiye navyo. Baadhi ya waandishi husema uchunguzi wa awali, nasi twakubali kwamba ni bora kidogo. Lakini uchunguzi nao hukumbusha polisi. Tungependelea upimaji wa wasioumwa. Ni maneno marefu, lakini yanajieleza yenyewe. Na juu ya shingo ya kizazi na mlango wa kizazi, tunaona la pili linaeleweka upesi zaidi. La kwanza ni tafsiri ya Kilatini, na mwanamke hakuwa na habari kwamba kizazi chake kina shingo.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini peke yake. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alifariki mwanamke mweusi wa miaka 31, Henrietta Lacks, kwa saratani hii hii, baada ya kutibiwa katika wodi ya watu weusi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaoteshwa, zikasambazwa duniani kote. Katika miaka ya 1980 ndani ya seli hizo kulionekana kirusi cha papiloma cha aina ya 18, katika utafiti uliomletea Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na uliofungua njia ya chanjo. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hata hivyo, huko kwao Henrietta, wanawake weusi bado hufariki kwa ugonjwa huu kwa wingi kuliko weupe. Na saratani ya matiti, ambayo huwapata weusi kwa uchache kidogo, huwaua kwa kiwango kinachozidi cha weupe kwa kama 40 kwa mia.

Jambo hili tuliite nini? Tafsiri nyingi husema tofauti. Lakini tofauti ni neno pole mno. Hata pacha wana tofauti. Mwaka 1990 Margaret Whitehead wa Uingereza aliandika kwamba yako mapengo ya afya yasiyo ya lazima, yanayoepukika, na yasiyo ya haki, na kwamba hayo yapaswa kutengwa na mengine. Kiswahili hakikosi neno la namna hiyo: dhuluma. Tunajua watakwimu wataliona kali, nasi hatudai liandikwe kwenye kila jedwali.

Liko neno moja, hata hivyo, tunalotaka litazamwe upya mara moja. Katika ripoti na katika mazungumzo ya wodini husemwa kwamba mgonjwa "amechelewa". Mtenda hapo ni mgonjwa. Lakini fuatilia safari yake: alikwenda zahanati akapewa dawa ya maambukizo, akarudi akapewa nyingine, akapelekwa wilayani, akangoja majibu ya kinyama kilichokatwa, akauza mbuzi apate nauli. Sarufi yetu ina kitenzi cha safari hiyo, nacho hakihitaji kukopwa kwa Mwarabu wala kwa Mwingereza. Amecheleweshwa. Na mara kauli ya kutendeshwa inapoandikwa kwenye faili, anayesoma hana budi kuuliza: na nani?