Halki: kisiwa kidogo cha Ugiriki cha kupumzikia

Tangu nirudi kutoka Ugiriki, kila nikikaa barazani maswali ni yale yale. Mlikula nini huko? Mlisali vipi? Na hicho kisiwa kina nini ambacho Lamu haina? Nimeona niyajibu mara moja hapa, maana wako wasomaji wenye watoto na ndugu Ulaya, na huenda siku moja nao wakaalikwa.

Kwanza niseme ukweli wangu. Nina diploma ya utalii, na kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kuwapangia watu wengine likizo zao. Yangu mwenyewe sikuwahi kuichukua. Mwaka jana nilipopimwa presha, daktari aliniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Nikamtazama mke wangu, mke wangu akatazama dari. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani ndiye aliyelipa tikiti. Bila yeye nisingefika, na sitaki mtu auze kiwanja kwa sababu ya makala haya.

Halki, ambayo huandikwa pia Chalki, iko upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Rhodes, karibu na Uturuki. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 28, na wakaaji wake hawafiki 500. Hakuna uwanja wa ndege. Unashuka Rhodes, unakwenda karibu kilomita 50 kutoka mjini hadi bandari ndogo ya Kamiros Skala, kisha unapanda boti kwa saa moja na zaidi kidogo. Mji ni mmoja tu, Emporio: nyumba za ghorofa mbili tatu zenye rangi ya maziwa, ya samli na ya udongo mwekundu, zimezunguka bandari kama watu waliokaa kula sinia moja. Magari ni machache sana. Tangu 2021 wamejenga shamba la sola la megawati 1, na polisi, walinzi wa pwani na manispaa wakapewa magari ya umeme. Usiku unasikia viatu vya mtu anayepita.

Siku ya kwanza nilikaa kizingitini nikingoja maji yapwe. Hayakupwa. Nikangoja mpaka alasiri. Sisi tuliolelewa na maji makuu na maji mafu, saa ya kwenda pwani tunaambiwa na bahari yenyewe. Kule bahari haina habari hiyo. Kujaa na kupwa kwa Mediterania ni kidogo mno, jicho halioni. Ndiyo maana watu wamejenga hadi ukingoni na mashua zimefungwa mlangoni kama baiskeli. Maji ni meupe pe, unaona kivuli cha mashua chini kwenye mchanga. Lakini usidhani weupe huo ni utajiri. Bahari ile ina chakula kidogo cha samaki, ndiyo ikawa safi hivyo. Na ni baridi kwa mtu wa Pwani. Tulikwenda mwishoni mwa Juni, nikaingia kwa bismillahi na kutoka kwa haraka. Ningerudi, ningekwenda Septemba, bahari ikishapata joto la kiangazi chote.

Pwani ya mchanga iliyo karibu ni Pondamos, kwa miguu dakika chache kutoka bandarini. Nyingine, kama Ftenagia, ni za kokoto, basi beba viatu vya maji. Wageni huvaa watakavyo, wengine karibu hawavai. Ni juu yako macho yako. Mke wangu aliogelea na vazi lake la kujisitiri na hakuna aliyemgeukia.

Kuhusu chakula, samaki wako, na pweza wa kuchoma pia. Pweza wa kupikwa mchuzi uliza kwanza, maana mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Kuna tambi za kienyeji za pale Halki, wanazichanganya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa, na jibini juu. Tulizila mara tatu. Nyama ya halali usiitegemee. Tulipanga chumba chenye jiko, mke wangu akaja na bizari zake, na jirani akawa anachungulia dirishani kuuliza harufu ile ni ya nini.

Swala ni rahisi, ila kunahitaji kuzoea. Saa za huko wakati wa kiangazi ni sawa na zetu, lakini jua la Juni halina haraka. Maghribi inaingia baada ya saa mbili usiku, Isha saa nne na zaidi. Kibla nacho kilinichanganya. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini, hata mzee akitaka kusema kaskazini husema kibla. Kule unaelekea kusini mashariki. Msikiti Halki sikuuona. Rhodes, iliyotwaliwa na Sultan Suleiman mwaka 1522, bado ina misikiti ya zama za Waothmani, na ule wa Suleymaniye wenye rangi ya waridi utauona ukiwa mji wa kale.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni maji ya kunywa. Kisiwa ni mwamba, mito hakuna. Zamani kila nyumba ilikuwa na birika lake la mvua, kama majabia ya wazee wetu wa Lamu, na baadaye maji yakaletwa kwa meli kutoka Rhodes. Siku hizi kuna mtambo wa kuondoa chumvi baharini. Mimi niliyezoea kuona wageni wakiacha bomba wazi hotelini nilijikuta nikioga kwa kopo, bila kuambiwa na mtu.

Wanaume wa Halki walikuwa wazamiaji wa sponji, zile za kuogea. Kazi ile iliwapoozesha wengi visiwa vile, hasa baada ya kuja mavazi ya kuzamia yaliyowapeleka kina kirefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi walihamia Tarpon Springs, Florida, kuifanya kazi hiyo hiyo. Pesa zao ndizo zilizojenga barabara ya kupanda mlimani, na jina lake mpaka leo ni la mji ule wa Marekani. Nilimfikiria mjomba aliyejenga nyumba Malindi kwa mshahara wa Jeddah na akailala mwezi mmoja kila miaka miwili. Barabara hiyo inakufikisha Chorio, mji wa zamani uliohamwa, ambako watu walijificha maharamia chini ya ngome. Nenda asubuhi. Kivuli hakuna, ila mbuzi wako.

Mchana, kuanzia kama saa tisa, kisiwa kinalala. Maduka hufungwa, na kelele si adabu. Ni kailula yetu, ila wao bado wanaishika. Mimi sikuweza kulala. Nilikaa mkahawani nikihesabu viti vya wenzangu: meza ngapi zina watu, mhudumu anakwenda mara ngapi, nani ameacha bakshishi. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza tavli, ile bao yao ya dado, aliniuliza kwa Kiingereza kazi yangu ni nini. Nilipomwambia, alicheka akanisukumia kiti. Siku ya tano ndiyo nililala mchana, na mke wangu hakuniamsha mpaka Alasiri.

Ya makaratasi: unahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake imekuwa euro 90 tangu 2024, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Unaweza kuomba miezi sita kabla ya safari, na usiiache hadi wiki mbili za mwisho. Halafu kuna upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi, unaovuma zaidi Julai na Agosti. Ukichafuka, boti haitoki, na hakuna cha kugombana na nahodha. Usipange kushuka Halki siku ile ile ya ndege yako. Sisi tuliacha siku mbili, na moja tuliimaliza gatini juu ya mabegi yetu, tukitazama mawimbi meupe na kula mkate kwa zeituni.