Magae ya Shanga

Chungu kikivunjika jikoni, magae hutupwa jalalani na habari yake huishia hapo. Majalala ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kuigeuza historia ya pwani yetu.

Kwa miaka mingi waliochimba magofu ya Waswahili walivutiwa zaidi na kuta za mawe na vipande vya vyombo vya rangi kutoka Uajemi na China. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, waliamini kwamba miji hii iliasisiwa na wageni waliovuka bahari. Magae ya udongo wa kienyeji yalikuwapo tele miguuni pao.

Kati ya 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti. Katika tabaka hizo za mwanzo, za karne ya 8, magae yaliyojaa ni ya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, vikachomwa kwenye moto wa wazi. Ya kigeni yalikuwa machache. Kwangu mimi ushahidi huu una uzito kuliko tarikh za masultani. Bakuli la Uajemi lilinunuliwa na mwenye fedha. Chungu cha kupikia kilitoka mikononi mwa wenyeji.

Tazama shingo za vyungu hivyo. Udongo ukiwa bado mbichi, mfinyanzi alichora pembetatu kwa ncha kali, akazijaza mistari. Pembetatu hizo zimeonekana kando ya Mto Tana, Unguja Ukuu, visiwa vya Komoro, hadi Chibuene nchini Msumbiji, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Lamu. Mkono hauchori hivyo kwa bahati. Ulifundishwa.

Nani aliufundisha? Profesa Felix Chami wa Tanzania huzihusisha pembetatu hizo na vyungu vya kale zaidi, vya karne za mwanzo baada ya Kristo, ambavyo Robert Soper alivichimbua Kwale, kusini mwa Mombasa, miaka ya 1960. Kwake, wafinyanzi hao ni uzao wa wakulima wa Kibantu. Horton aliitafuta asili yao kwa wafugaji wa bara. Ubishi wao ulikuwa mkali, lakini hakuna kati yao aliyeuliza tena ni jahazi gani lililoleta vyungu hivyo.